Orodha Mbili za Malindo Kumi na Mawili

Nianze na ukweli wenyewe: mzee hakukosa kazini Ijumaa hata moja. Nasema hivyo mimi, niliyemwandikia kwamba alikosa nne.

Tulijuana lindoni, kwenye duka kubwa moja huku Abu Hamour, Doha. Mimi binti wa Kikenya, yeye Mpemba, umri wa baba yangu. Ijumaa asubuhi, maana huku ibada zetu huwa siku hiyo ya mapumziko, nilitaka kwenda Mesaimeer kanisani, na yeye ndiye aliyenishikia zamu, miaka miwili mfululizo. Wala si mimi peke yangu. Wakristo wote wa lindo lile walimtegemea. Alituambia swala yake ni adhuhuri na msikiti uko hapo nyuma ya maegesho, basi twende tu, tusisahau kumwombea. Mwisho ratiba ikamzoea, akawa anapangwa kila Ijumaa. Aliniita mwanangu. Nikikaa wakati wa mapumziko nasoma takwimu kwenye simu, yeye ndiye aliyewafukuza wenzangu waliokuja kupiga soga, mtoto asome.

Nikasoma, nikatoka mlangoni. Kampuni yetu ya ulinzi ikanipeleka ofisini kwa majaribio ya miezi mitatu, kwenye kiti chenye magurudumu na kipozahewa juu ya kichwa. Anayejua Agosti ya Doha ukiwa umesimama nje atanielewa nikisema kiti kile nilikipenda kupita kiasi.

Kazi yangu ilikuwa hii. Tuna malindo kumi na mawili, kila moja na walinzi sita. Kila lindo lina jedwali lake la namba tupu, matriksi: mistari sita ya watu, safu za siku za mwezi. Ukiwa kazini ni moja, usipokuwepo ni sifuri. Kuna orodha ya matriksi za ratiba, nani alipangwa lini, na orodha ya pili ya matriksi za mahudhurio, nani aligusisha kadi akaingia. Aliyenitangulia alilinganisha kwa macho, jedwali kwa jedwali, wiki nzima. Mimi nikaandika mstari mmoja wa programu: shika orodha zote mbili, ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili, kila jozi ipitishe kwenye fomula inayohesabu siku ambazo mtu alipangwa na hakuonekana. Sekunde moja, kwisha. Mudiri, ndivyo tunavyomwita meneja huku, alipiga meza kwa furaha. Nami nikavimba kichwa.

Sasa, programu ile haijui lindo ni nini. Inajua nafasi tu. Ratiba zilikuwa zimepangwa kwa hesabu, 1, 2, 3, mpaka 12. Faili za mahudhurio kompyuta ilizipanga kama maneno ya kamusi, kwa tarakimu ya mwanzo: 1, 10, 11, 12, halafu ndiyo 2. Kwa hiyo ratiba ya lindo la 4, lindo letu, ikaunganishwa na mahudhurio ya lindo la 12, ghala ambalo walinzi wote sita huingia kila siku, ila Ijumaa linafungwa kabisa. Matriksi zote zilikuwa na ukubwa sawa, basi kompyuta haikulalamika. Na majina kwenye matokeo ilichukua ya orodha ya kwanza, kwa hiyo kila kitu kilionekana kimekaa mahali pake. Nilikuwa nimehakiki jozi moja tu, ya kwanza, 1 na 1. Ikatoka sawa, nikaridhika. Ni uvivu, siwezi kuupamba.

Wenzake waliopangwa Ijumaa moja moja walipata kosa moja, wakanung'unika, yakaisha. Mzee aliyefanya zote nne ndiye aliyepigwa nne. Na sheria yetu ni kwamba ukikosa zaidi ya siku tatu, likizo yako inasogezwa nyuma ya foleni. Yake ilikuwa aondoke Jumatano. Ijumaa binti yake aolewe, kwao Wete, na yeye baba mtu amwozeshe.

Jumapili akaja ofisini, kofia ya kazi mkononi. Hakwenda kwa mudiri, alikuja kwangu.

“Mwanangu, wewe ndiye unayeijua hesabu hii,” akasema. “Niambie tu, hizo Ijumaa nne mimi nilikuwa wapi?”

Nikamwambia nitaangalia. Jumatatu kabla ya chakula cha mchana nikaona. Nikazipanga orodha upya, nikaendesha tena, na mbele ya jina lake ikatoka sifuri; kwenye mahudhurio, Ijumaa zote nne ana moja. Jumatano ilikuwa bado. Kulikuwa na hatua ishirini kutoka mezani kwangu hadi kwa mudiri, na sikuzipiga. Akilini niliuona ule mlango wa duka watakaponirudisha, nikaliona jua. Nikasema kesho. Jumanne mudiri akanisifu mbele ya wageni, nikasema kesho. Jumatano nikajifanya nina kazi nyingi. Mungu anisamehe, nilikuwa naangalia saa mpaka ndege yake ikapita.

Ijumaa nilikwenda Mesaimeer na sikuweza kuimba. Nikatoka kabla ya baraka, nikachukua basi mpaka dukani. Alikuwa zamuni, ametoka kuswali. Ndugu yake alikuwa ameozesha kwa niaba yake, idhini mzee ameitoa kwa simu. Akaniita mbio nije nione. Kwenye kioo cha simu alikuwa binti, hina mpaka kwenye viwiko, analia na kucheka.

“Mtazame mdogo wako,” akasema.

Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote, orodha, namba, lindo la 12. Akatikisa kichwa polepole, akasema kukosea ni jambo la kila mtu, sembuse mashine. Nikadhani yameisha. Kisha akauliza:

“Ulijua lini?”

“Jumatatu.”

Akaizima simu, akaifuta kwa mkono wa shati, akaitia mfukoni. Akaniambia niwahi basi.

Jumapili nilikwenda kwa mudiri. Haikuchukua dakika tano. Alisema siku nyingine nihakiki jozi zote, na likizo ya mzee irudishwe mara moja. Kiti changu hakuna aliyekigusa.

Mzee alikwenda Pemba mwezi uliofuata, akarudi, na bado anashika Ijumaa za wenzake. Mstari wake naukagua kwa macho kila mwezi kabla ya mingine yote. Tukikutana ananisalimu vizuri, anauliza habari za nyumbani, ananipisha mlangoni. Ananiita dada.