Nimeombewa Siri Sijaambia Mtu Hapa Kwetu

Wasichana tuliomaliza Form Four pamoja, leo nimeombewa kitu sijaambia mtu yeyote hapa Nunguni.

Wiki jana simu yangu ilifanya update ikakwama kwa logo ya kampuni ya laini. Nikaipelekea fundi wetu wa simu, ni shemasi kanisani. Alifunga macho akaiombea kwanza.

Jameni, mtu akiombea simu yako, utamnyima password? Nikamwandikia kwa karatasi.

Akaweka software mpya, ikawaka. Nikashukuru Mungu.

Sasa leo mchana, fellowship ya wamama, bibi ya huyo fundi akanishika bega akaomba:

"Baba, mkumbuke dada yetu na ile mimba imetoka. Mfute machozi."

Wote: "Amina!"



Bwanangu yuko kazi Emali, hata yeye hajui. Niliandikia tu dada yangu wa Tseikuru.

Nikafungua settings nikiwa bado nimepiga magoti, nikaangalia orodha ya vifaa vimeunganishwa na simu yangu. Meseji zangu zote zinafunguka pia kwa kompyuta ya duka la fundi. Tangu siku ile.

Kompyuta nimeitoa kwa hiyo orodha. Password nimebadilisha.

Lakini niambieni, hao wamama wote walisema amina, nitawatoa aje?