Njugu za Gona

Mwanarehema Suleiman aliandikishwa kuwa mhudumu wa afya ya jamii Mtopanga, Kisauni, tarehe 7 Novemba 2022, mwaka ambao ukame ulimaliza ng'ombe wa Ganze na wenyewe wakaja mjini kupanga vyumba. Mwanzo, kila utepe wa kupimia utapiamlo aliomfunga mtoto mkononi ukisoma nyekundu, alirudi kwake akalia. Siku hizi husoma rangi, akaaga, akaenda nyumba ya pili.

Utepe wa Gona, kitinda mimba wa Kadzo, mmoja wa waliotoka Ganze, ulisoma nyekundu. Zahanati ikampa pakiti za njugu za kusagwa, dawa ya utapiamlo mkali. Wiki zikapita, mizani haikusogea. Muuguzi akasema mama anaziuza sokoni Kongowea, na kwamba uzito usipopanda mtoto atalazwa, kama atawahi.

Mwanarehema akaenda mchana, bila kutoa habari.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mama Gona. Endeleeni."

Sinia lilikuwa katikati. Kadzo alikuwa amekamua pakiti zote za siku juu ya sima, na watoto wanne walikuwa wakichota. Mkono wa Gona ulikwenda polepole, ukakuta wenzake wamekwisha pita.

"Hii njugu tamu, Bi," alisema Sidi, kifungua mimba. "Yashinda mchicha wa mama."

"Nyamaza, mlafi wee. Utaniitia mtaa mzima."

"Kadzo, hiyo ni dawa ya Gona peke yake."

"Najua, Bi. Nimpe mmoja, wenzake wakodoe macho? Kwetu anayekula pembeni ni mchawi."

Mwanarehema naye alilelewa kwenye sinia. Mamake alimchapa siku alipojificha na kipande cha samaki. Alimfunga Gona utepe: nyekundu ileile. Akangoja moyo ushtuke, haukushtuka.

"Ukigawa hivi, hawa hawashibi na huyu utamzika," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja nauli.

Kadzo akalisogeza sinia kando.

"Na hawa niwapeleke wapi akila yeye?"

"Kwangu. Wali upo, kidogo."

"Watakumaliza hao."

"Waje."

Kadzo akawanawisha watatu mikono, akawatoa nje. Gona alibaki mkekani, akilamba kidole.

Alhamisi atapimwa tena. Asipoongeza uzito, atalazwa wodini, na Kadzo atalala naye huko.