Siku Tuliyowatoa Majaji wa Amerika

Mimi mtu wa Tanga nimeolewa na watu wa Bukavu, Kongo, na kila mwezi Jumapili moja lazima niende kwenye mkutano wao, katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa, Schaerbeek, hapa Brussels. Wana mwenyekiti, papa modérateur, na wanapigia kura kila kitu kwa kunyoosha mikono: aina ya samaki, saa ya kuanza, hata kama dirisha lifunguliwe. Mwanzoni nilicheka mbavu sina. Siku hizi nami nanyoosha.

Mwezi uliopita papa modérateur aliingia akiwa amewaka. Mdogo wake anayeishi Amerika alikuwa amemtumia video.

"Bon, kule ba-juge banapigiwa kura," alisema, yaani majaji. "Watu banaulizwa: huyu abakie ao atoke? Sasa kuko ba-juge balikubali mwanaume aoe mwanaume. Donc watu banasema, batoke."

"Batoke, tena leo," akadakia maman mmoja anayefanya kazi ya kulea wazee.

Tonton mmoja, dereva wa basi, akatikisa kichwa. "Kama juge anaogopa kura, siku watu bote bananichukia, miye nitashitaki wapi?"

Mdomo wangu hauna breki. Nikasema kwamba hapa Ubelgiji ndoa hizo zilipitishwa na bunge, na majaji hakuna anayewapigia kura, kwa hiyo hatuna wa kumtoa. Nani anisikilize? Papa modérateur aliita kura. Basi watu wasio na hata kadi ya kupigia kura Amerika, mbele ya sahani za sombe, kisamvu chao, wakawatoa majaji kazini kwa mikono mingi, mkono wa papa modérateur ukiwa juu kuliko yote. Ningecheka, lakini niliudhika, kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu na mama mkwe wangu.

Yeye hakunyoosha. Mwanawe wa mwisho alikuwa karibu kufunga ndoa pale commune, ofisi ya manispaa, na nesi mmoja Mflamandi, mwanaume mpole wa sauti ya chini. Tulijua sisi wa nyumbani tu. Kwa watu hawa, harusi hutangazwa mkutanoni, na ikishatangazwa, wote huenda commune wakiimba mpaka mlangoni. Isiyotangazwa ni kama ya mtu asiye na kwao. Kijana alikuwa amemwambia mama yake, "Maman, usijisumbue. Mashahidi wetu batatosha." Mama alikuwa akienda mkutanoni na neno hilo kifuani na kurudi nalo nyumbani, na mimi nilikuwa nikimwonea huruma mpaka nakosa usingizi.

Mwisho wa ajenda huwa ni mengineyo. Mama mkwe akasimama.

"Mutoto yangu wa mwisho anaoa."

Vigelegele vikaanza. Akainua kiganja.

"Anaoa mwanaume."

Vikakatika.

"Tuko pamoja tangu tulikimbia vita. Sasa na miye munipigie kura. Nibakie ao nitoke?"

"Maman, hatukuongea juu yako," alisema yule mlea wazee, machozi yakimlengalenga.

"Mulikuwa munaongea juu yangu."

Dereva wa basi alinyoosha mkono wa kwanza. Mlea wazee akafuata, amenuna. Mingine ikaja mmoja mmoja, kwa kusitasita. Waliobaki waliinamia sahani zao kana kwamba sombe ingewashauri.

"Abakie," papa modérateur alisema, akiitazama ile mikono. "Miye modérateur, sipigi kura."

"Majaji uliwapigia, papa," nikasema.

Alinitazama kwa jicho ambalo mkwe hapaswi kutazamwa nalo. Kisha, polepole, akainua mkono mpaka usawa wa sikio, akauacha hapo.

Mama mkwe hakushukuru mtu. Alitoa simu akampigia mwanawe palepale, mbele yetu sote.

"Weka viti," alimwambia.

Niliisikia sauti ya shemeji yangu ikiuliza vingapi. Mama akaupitishia macho ukumbi mzima, walionyoosha na walioinama.

"Weka vya bote," alisema. "Bengine batanuna, lakini batakuja."