Ulimi wa Lewa na Taa ya Gitau

Kazi ya Lewa ilikuwa kuonja maji. Ndiyo iliyomlisha miaka kumi na sita kwenye mabwawa ya chumvi ya Gongoni, na cheti cha kazi hiyo hakuna. Maji ya bahari yakikauka bwawani, chumvi nzuri hutangulia kushika chini. Yanayobaki juu ni maji machungu, na yasipotolewa kwa wakati huiharibu chumvi yote. Lewa alichovya kidole, akakitia ulimini, akatema, kisha akasema "Fungueni lango," au "Bado." Hakusoma, na sijapata kumsikia akijisifu. Kujisifu aliwaachia wengine.

Mwaka wa themanini na saba tukaletewa mmoja wa hao wengine. Gitau, kutoka bara, koti jeupe limepigwa pasi, na mashine yake yenye taa ya buluu. Mimi Tumu, mtu wa Mambrui, nilikuwa mwosha chupa wa maabara, basi nilimwona kwa karibu kuliko nilivyotaka. Alitufunza sisi wajinga kwamba uchungu wa maji yale ni magnesiamu. Ukitia matone ya dawa yake, dawa hushikana na magnesiamu, na chini ya taa maji hung'aa. Magnesiamu ikizidi, mng'ao huzidi, na sindano ya mashine hupanda. Jambo zuri, sikatai. Shida ilikuwa mwenye jambo.

"Huyu mzee analamba maji kama ng'ombe," alimwambia meneja, na Lewa amesimama papo hapo. "Sayansi hailambi."

Mimi nami akanigeukia. "Mama, chupa zako ni chafu. Nataka zing'ae."

Haya. Nilikuwa nikizisugua kwa jivu na makumbi ya nazi, kama alivyonifunza mamangu. Kumbe bwana mkubwa anataka makuu. Nikaenda dukani nikanunua sabuni ya unga, ile inayosifiwa kuwa hufanya nguo nyeupe ziumize macho. Maji ya kusuuzia tulipimiwa ndoo moja, basi nikasuuza mara moja tu, kwa kiburi. Si amesema zing'ae?

Siku hiyo maji ya kila bwawa yalipita chini ya taa, na kila mara sindano ikapanda hadi mwisho. Gitau nusura acheze ngoma. Lewa akasema taratibu kwamba maji bado ni mazuri. Nani wa kumsikiliza? Gitau akaandika kuwa mzee ameacha uchungu ukolee katika chumvi yote, na Jumamosi Lewa akapewa barua ya kufukuzwa. Nilimsomea mimi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nirudie pale palipoandikwa "uzembe".

Jumatatu nilikuwa nafagia chumba cha mashine, taa imeachwa inawaka, nikaona pindo la leso yangu linang'aa buluu. Leso ile niliifua kwa sabuni ileile. Nikachukua chupa tupu, isiyotiwa maji ya bwawa wala dawa, nikaiweka chini ya taa. Nayo ikang'aa. Nilicheka peke yangu. Msomi mzima hakuwahi kupima chupa tupu aone mashine itasema nini! Magnesiamu gani? Alikuwa akipima sabuni yangu ya kufulia.

Kisha kicheko kikanikauka, maana chupa zilisuguliwa na mikono ipi? Nikisema, nafukuzwa mimi. Nikanyamaza Jumanne. Nikanyamaza Jumatano, nikijidanganya kwamba Gitau atagundua mwenyewe, kana kwamba nilishamwona akigundua kitu. Nyani haoni kundule.

Alhamisi asubuhi Mbeyu, mkewe Lewa, alikuja kuomba kibarua cha kubeba chumvi kichwani, naye ana mimba ya miezi minane. Hapo nilishindwa. Nikamwita meneja, nikaiweka chupa tupu chini ya taa mbele yake na mbele ya Gitau. Gitau akavua miwani, akaivaa tena.

"Lakini nilisema zing'ae," akasema.

"Na zinang'aa," nikamjibu.

Meneja akatuma mtu amrudishe Lewa kazini siku hiyohiyo. Mimi nilipewa onyo la mdomo, basi. Kuogopa hilo tu ndiko kulikonifunga kinywa siku zote zile.

Lewa alipofika nilimpokea langoni, nikamweleza yote, sabuni na leso na chupa. Nakiri, nilikuwa nangoja shukrani.

"Ulijua lini, dada Tumu?"

"Jumatatu."



"Jana nimeuza minazi ya baba," akasema.

Akanipita, akaenda zake bwawani.