Bawabu Anaosha Mikono

Saa tatu asubuhi, jukwaani, mwigizaji anayejulikana kwa jina la Bawabu anakunywa chai ambayo haipo. Kikombe ni kitupu. Anakipuliza, anakichungulia ndani kama aliyeona nzi, kisha anapiga funda na kujifuta mdomo.

“Andika hivi,” anamwambia mwandishi wa gazeti aliyekuja kumhoji. “Miaka kumi na tisa kwenye sanaa, sijawahi kusahau mstari hata mmoja.”

Nyuma yake mkewe, fundi wa mavazi wa kikundi, anakohoa. Si kikohozi cha mafua.

Kusema kweli, mistari yenyewe ilikuwa ya kuhesabika. Ameigiza michezo arobaini na mmoja, na katika thelathini na mitatu alikuwa mlinda mlango. “Karibu, bosi.” “Bosi hayupo.” Ukisahau hapo, hata jina lako hulijui.

Safari hii kibao kimegeuka. Mwongozaji mpya, binti wa rika la kifungua mimba wake, amempa nafasi kuu: baba anayemwomba radhi mtoto aliyemfukuza nyumbani. Kurasa sitini. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kupimwa. Akishindwa, keshokutwa, siku ya onyesho, nafasi anapewa mwingine.

“Nilitafuta dawa,” anakiri.

Dawa ilikuwa kuandika mistari kiganjani. Wiki iliyopita mazoezini, kwenye sehemu ya toba, akajifunika uso kwa mikono alie. Jasho nalo halina adabu. Alipoinua kichwa, paji la uso lilikuwa limechapwa toba nzima, kinyumenyume. Msichana anayeigiza mwanawe alicheka mpaka akakaa chini.

“Mzee wangu,” mwongozaji akasema, “kaoshe mikono. Na uso pia, maana nakusoma kutoka huku.”

Alirudi akidondosha maji.

“Sasa usiyawinde maneno,” akaambiwa. “Mtazame mwanao. Nyumbani ukiulizwa, unajibuje?”

“Nyumbani sijibu. Mama watoto ndiye anayejibu.”

“Basi nyamaza, umsikilize.”

Akanyamaza. Msichana akasema mstari aliokuwa akiusema kila siku: “Baba, ulinifungia mlango na mvua inanyesha.”

“Nikahisi kama nausikia mara ya kwanza,” anasimulia Bawabu, sauti ikishuka. “Miaka yote hiyo nilikuwa nangoja zamu yangu ya kusema. Mwenzangu akiongea, mimi nahesabu. Kumbe nilikuwa bawabu hata masikioni.”

Mazoezi ya leo yanaanza. Katikati ya toba anakwama. Anaichungulia chai yake kikombeni, anamtazama msichana, na maneno yanamjia taratibu, mengine yakiwa yamechanganyikana na kikohozi. Hakuna anayecheka. Msichana analia kweli.

Mwongozaji anafunga jalada lake. “Keshokutwa uwahi, mzee wangu.”

Bawabu anashuka jukwaani akiwa amerefuka kidogo. Ana ndoto moja bado: “Siku moja nami niigize bosi. Nigongewe mlango, na bawabu ajibu kwamba sipo.” Kisha anakunjua viganja mbele ya mwandishi. “Ona. Vyeupe. Sina maandishi popote.”

Mkewe, aliyekuwa akikusanya vyombo, anakiinamisha kikombe kwenye mwanga. Chini kabisa, kwa wino mweusi, kuna neno moja: SIKILIZA.

“Na hapa kaandika nani, baba watoto? Paka?”

Bawabu anamgeukia mwandishi. “Hilo usiliandike.”

“Liandike,” anasema mkewe. “Na mimi niliyemwazima kalamu uniandike.”