DAWA YA MGONGO

Mama mkwe wangu hajawahi kuonja pombe. Siku ile alitoka chumbani anayumba, ananuka spiriti, akaukumbatia mlango akiuita jina la marehemu mumewe.

Mke wangu akanigeukia. "Umempa nini mama yangu?"

"Mimi? Chai tu!"

Tukamkimbiza hospitali. Njiani mikono inamtetemeka, ananitazama lakini hanioni.

"Naona giza, baba."

Daktari swali lake la kwanza: "Amekunywa nini?"

Moyo ukanipiga paa!

Tulia nikueleze. Nina ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, na wiki ile walikuwa wamejaa kupe. Bwana mifugo akaniletea dawa ya kupe na minyoo, ile ya kummiminia ng'ombe mgongoni, kuanzia mabegani mpaka shina la mkia. Inanuka spiriti, na inapenya ngozi yenyewe.

"Vaa glavu," akanionya. "Maziwa msinywe mpaka siku zilizoandikwa zipite. Na usiihamishie chupa nyingine."

Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Mjuaji mimi.

Kopo likaanza kuvuja. Iliyobaki nikaimimina kwenye chupa tupu ya dawa ya kikohozi, nikabandika plasta, nikaandika kwa kalamu: YA MGONGO. Eti nisiichanganye na ile ya kwato. Nikaiweka rafu ya jikoni, kopo nikatupa.

Na mama mkwe alikuja kwetu kutibiwa nini? Mgongo.

"Nauliza, amekunywa nini?" daktari akarudia.

"Sijui."

Jamani, nilijua. Lakini mke wangu alikuwa kanikodolea macho, na aibu ikanifunga mdomo.

Wakaanza kusema labda ni kiharusi. Mama wa watu kalala, macho kafumba, anavuta pumzi kwa shida. Nilijiona muuaji kabisa. Aliyenipa binti yake, mimi namwacha afe ili nisigombezwe?

Nikamfuata daktari kwenye korido.

"Ni dawa ya ng'ombe. Ya kupe."

"Inaitwaje?"

"Ya mgongo."

"Sikuulizi ya wapi, nakuuliza jina lake!"

Jina lilikuwa kwenye kopo, na kopo liko jalalani. Ikabidi nimpigie bwana mifugo, akalitaja, akanitukana vizuri tu. Daktari akasema hakuna dawa ya kuizima. Kazi ni kumlinda asikate pumzi mpaka imtoke mwilini, ila sasa angalau wanajua wanapambana na nini.

Mungu si Athumani, akazinduka.

Mke wangu, aliposikia kwa daktari ni dawa ya ng'ombe, alikuja juu kama moto wa kifuu, lakini mama akamkatiza. "Mwache mumeo. Nimeichota mwenyewe bandani, ubishi wangu wa kizee. Yeye ndiye kaniokoa."

Ndugu wakanipongeza. Mkono huu wa pongezi, mkono ule wa pongezi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Tulipobaki wawili, nikapiga magoti. "Mama, mbona umenifichia? Chupa ilikuwa jikoni."

Akanishika kichwa.

"Mwanangu, siku ile yaliyokuwa hayaoni ni macho. Masikio yalikuwa mazima. Nilikusikia ukisema hujui."

Nililia kama mtoto.

Sasa dawa za mifugo zinakaa bandani, kwenye makopo yake, chini ya kufuli. Na wewe unayesoma hapa, inuka kaangalie rafu ya jikoni kwako. Mwenzio hata leo, mama mkwe akiniuliza tu ni saa ngapi, na sina saa, siwezi kumjibu "sijui."