Mayai Katika Choo cha Mjomba

Miaka ile ya Ujamaa, mtu wa Unyambwa mwenye diploma ya maabara alikuwa mmoja tu, na mtu huyo ni mimi. Nilisoma kwa vitunguu nilivyolima kwa mikono yangu. Niliporudi Singida na koti jeupe, wenye maduka mjini waliniita daktari, nami sikuwasahihisha.

Siku moja mjomba wangu, mchinjaji wa ng'ombe pale Mkiwa, alikuja hospitali akilalamika tumbo. Alinikabidhi choo chake ndani ya kasha la kiberiti, kama walivyofanya wote. Nilikikoroga kwa maji, nikakichuja, nikaacha mashapo yatulie, kisha nikayatazama kwa hadubini. Mayai yalikuwepo, makubwa, ya rangi ya dhahabu: mayai ya minyoo ya ini.

Daktari wa hospitali akaamua apelekwe Dodoma, achomwe sindano ubavuni hadi kwenye ini, kitolewe kinyama cha kupima. Mjomba akashika ubavu.

"Mpwa wangu, mimi ndiye hutoa maini. Sijawahi kutolewa!"

Nikamvuta kando.

"Mjomba, jana ulikula nini?"

"Ini."

"Na juzi?"

"Ini. Unauliza kama mgeni! Ini ni la mchinjaji. Nalibabua kwenye makaa hata ngozi haijaisha kuchunwa."

Hapo nikaelewa. Ng'ombe wetu hulishwa kando ya mabwawa, na maini yao hujaa minyoo hiyo. Mayai yale yalikuwa ya minyoo ya ng'ombe, yameliwa pamoja na ini. Tumboni mwa mjomba yalikuwa abiria tu. Nikamwomba daktari ampe wiki moja bila ini.

"Unanifundisha kazi?" akauliza.

"Hapana, daktari. Naomba choo kingine tu."

Wiki hiyo mjomba alichinja na kugawa maini huku akitazama pembeni, akimnunia kila aliyepokea. Kisha akarudi na kiberiti chake. Nilipima asubuhi, nikarudia mchana, maana ndivyo nilivyo. Hakukuwa na yai hata moja. Daktari mwenyewe akainamia hadubini, akakaa hapo kitambo, halafu akafuta safari ya Dodoma na kumwandikia mjomba dawa ya kiungulia.

Mjomba akatoka nje akiutangazia msururu wote wa wagonjwa:

"Huyu ni mpwa wangu! Ameniokoa na sindano kwa kutazama mavi tu!"

Ningependa aseme "choo", lakini sikumkatiza. Watu walikuwa wanasikiliza.